Umechill hadi lini? Kijana asiye na hamu ya tendo la ndoa katika jiji lenye njaa

UKISHUKA matatu pale Odeon, Nairobi, saa kumi na mbili jioni, huna haja ya kuuliza jiji hili linawaza nini. Nguzo za stima zimebandikwa karatasi za waganga: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, nguvu za kiume, na nambari ya simu kwa herufi nono. Hatua chache mbele kuna kijana mwenye mafungu ya mukombero, ile mizizi kutoka Magharibi. Hakutajii homa wala kikohozi. Anakutazama tu, anatabasamu, kisha anakwambia, "Mzee, nyumbani watakushukuru." Mombasa kazi hiyo hufanywa na supu ya pweza. Asubuhi ukifungua redio, mtangazaji anawauliza wasikilizaji ni mara ngapi kwa wiki, na watu wazima wanapiga simu kujibu wakiwa njiani kwenda kazini.

Hata sisi wa magazeti hatujabaki nyuma. Tuna "kurina asali", tuna "kula uroda", tuna jogoo aliyekataa kuwika. Msomaji mgeni angedhani Kiswahili chote kiliundwa chumbani.

Sasa mweke katikati ya haya yote kijana asiyehisi njaa hiyo. Hajafunga, hajaweka nadhiri, haumwi, hajatendwa na mpenzi akaapa kutorudi. Hana tu hiyo hamu, na hajawahi kuwa nayo.

Ninaye beste wa namna hiyo. Tulisoma chuo kimoja, tukaishi keja moja mtaani Kahawa kwa mwaka mzima, na sasa ana miaka 29. Amenipa ruhusa niandike mradi nisimtaje jina. Nilipomuuliza inakuwaje, aliniambia ni kama kukaa na watu wanaosimulia mechi ambayo wewe hukuitazama, kila siku, kwa miaka kumi. Unajifunza mahali pa kucheka. Unajifunza hata kutaja mchezaji mmoja au wawili, usije ukaulizwa mbona umenyamaza.

Kiswahili bado hakijakubaliana neno moja la kumwita mtu kama huyu. Wengi wao hujiita asekshuali, neno walilookota kwenye intaneti, na nitalitumia hilo kwa kukosa lingine. Lakini shida ya lugha ni kubwa kuliko kukosa jina. Neno "mapenzi" tunalitumia kwa moyo na kwa kitanda, bila kutenganisha. Anayesema hana hamu ya mapenzi husikika kana kwamba hawezi kumpenda mtu yeyote, hata mamake. Ngono yenyewe tukiwa na adabu tunaiita "tendo la ndoa", kana kwamba kulipa karo, kufua nguo za mgonjwa na kuamka usiku mtoto akilia ni matendo ya kitu kingine. Halafu kuna "unyumba". Mtu akinyimwa unyumba, hakunyimwa nyumba. Sote tunajua alichonyimwa. Ukiwa na lugha iliyofunga mambo haya kwa fundo moja, kumweleza mzazi kwamba unampenda mtu lakini hutaki kulala naye ni kazi ya kufungua fundo hilo kwa meno.

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Asekshuali si huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya mwili yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike au wa kiume, na sensa ya 2019 iliwahesabu 1,524 humu nchini. Si hanithi pia, kwa maana ile ya mwanamume ambaye mwili umemgomea ilhali moyo unataka. Kwa asekshuali mwili huenda uko sawa kabisa, kinachokosekana ni kuvutwa na mtu. Wala si useja. Padri na mtawa wameamua kutofanya, na uamuzi una uzito kwa sababu hamu ipo. Huyu hakuamua lolote.

Ndani ya kundi lenyewe watu hawafanani. Wapo wanaopenda sana, wanaotuma jumbe usiku wa manane na kulia wakiachwa, ila kitanda hakimo katika ndoto zao. Wapo wasiopenda kwa namna hiyo pia, na urafiki unawatosha. Wapo wanaohisi kitu mara moja moja, baada ya kumzoea mtu kwa muda mrefu. Wapo wanaotaka watoto na wapo wasiotaka. Baadhi hawachukizwi na tendo lenyewe. Wanaweza kulifanya kama wewe unavyoweza kumsindikiza mtu kwenye filamu usiyoipenda. Wengine hawawezi hata kidogo.

Na si mtindo uliozuka na TikTok. Alfred Kinsey, mtafiti wa Marekani aliyeandika kuhusu tabia za kimapenzi za wanaume mwaka wa 1948, aliwapanga watu kwenye mizani ya namba, akakuta wengine hawaingii popote, akawapa herufi X. Mwaka wa 2001 kijana Mmarekani, David Jay, alianzisha mtandao wa AVEN ambako watu hawa walianza kukutana. Miaka mitatu baadaye mtafiti Anthony Bogaert wa Canada alichapisha uchambuzi wa data ya zaidi ya Waingereza 18,000, na takriban asilimia moja kati yao walikuwa wamesema hawajawahi kuvutiwa kimapenzi na mtu yeyote. Hiyo ni Uingereza, si Umoja wala Kisauni, na sitaki kuichukua asilimia hiyo niizidishe kwa idadi ya Wakenya nikupe namba ya kuvutia. Lakini moja katika mia ni mtu mmoja au wawili katika kila ukumbi wa mihadhara uliokaa.

Nao madaktari? Mwaka wa 2013, Marekani ilipotoa toleo la tano la kitabu kinachotumiwa kutambua maradhi ya akili, DSM-5, kiliandikwa wazi kwamba mtu anayejitambua kuwa asekshuali asihesabiwe mgonjwa wa ukosefu wa hamu. Tofauti ni rahisi kuielewa. Aliyekuwa na hamu ikapotea ghafla aende hospitalini, kwa sababu kisukari, msongo wa mawazo, homoni na baadhi ya dawa huweza kuizima. Ambaye hajawahi kuwa nayo, na halii kuikosa, hana kilichopotea cha kutafutwa.

Mbona basi hatuwaoni? Nadhani jibu liko katika jinsi tulivyolelewa.

Wenye kaka na dada wakubwa huenda wanaikumbuka kampeni ya Nimechill, katikati ya miaka ya 2000. Ukimwi ulikuwa ukiua, na matangazo yakawaambia matineja kwamba kungoja si ushamba. Kampeni ilipita lakini ujumbe ulibaki. Makanisa, misikiti, shule za bweni na mashangazi waliuendeleza. Katika mazingira hayo kijana asekshuali hahitaji kujificha. Anang'aa. Beste wangu alikuwa kiongozi wa muungano wa Wakristo shuleni, hakuwahi kushikwa na barua ya mvulana kwenye sanduku, na mwalimu mkuu alimtolea mfano gwarideni. Aliniambia, huku akicheka, kwamba alidhani wenzake wote wako kama yeye, ila wanatia chumvi. Alidhani kila mtu anaposema "ni ngumu kungoja" anasema tu, kama watu wanavyosema chai ya shule ni tamu.

Kisha unafikisha miaka 25 na sheria zinageuzwa bila ilani. Kile kilichoitwa nidhamu kinaanza kuitwa kiburi. Watu walewale waliokuambia uchill wanataka kujua umechill hadi lini. Hakuna aliyekuwa amekuambia kwamba kuchill kulikuwa na tarehe ya mwisho, au kwamba usiku wa harusi kuna swichi ambayo utatarajiwa kuiwasha, na ole wako ukiigusa na taa isiwake.

Niliishuhudia hali hii kwenye ruracio ya binamu yake mdogo, huko Murang'a. Tulikuwa jikoni tukikata mboga.

"Na wewe, utatuletea nani?" shangazi yake akauliza.

"Bado natafuta, Tata."

"Unatafutia wapi? Kwenye simu? Mwanamume hapatikani kwenye simu, anapatikana ukimwekea chakula." Wanawake wote wakacheka, nasi tukacheka. Shangazi alipokuwa akimenya viazi aliongeza kwa sauti ya chini, bila mzaha sasa, kwamba kuna mama mmoja wa maombi Thika anayefungua vifungo vya namna hiyo.

Vifungo. Hapo ndipo jamii yetu inapofikia ikiambiwa "sina hamu". Tuna maelezo manne tu yaliyo tayari: ugonjwa, uchawi, kutendwa, au kwamba mtu anawapenda wa jinsia yake na anaficha. Hatuna la tano. Mwanamke ataambiwa anaringa, au kule Pwani kwamba ana jini mahaba, mume wa kiroho anayemwonea wivu, na atatafutiwa wa kumsomea kisomo. Mwanamume atakuwa jogoo asiyepanda mtungi. Yeye ndiye atakayeishia kwenye zile karatasi za nguzo za stima na vile vidonge vya buluu vinavyouzwa bila cheti. Ajabu ni kwamba vidonge hivyo husaidia damu kuingia mahali pake. Havimpi mtu hamu. Anaweza kutumia pesa na kuuhatarisha moyo wake kwa dawa ya shida ambayo hana.

Nakubali kwamba wanaume ndio wenye mzigo mzito zaidi kwa masihara. Msichana asiyetaka anaweza kujifunika kwa blanketi la heshima kwa miaka kadhaa. Mvulana asiyetaka hana blanketi. Kundi la WhatsApp la mabeste haliwezi kumwelewa jamaa aliyeachwa na dem chumbani saa nne za usiku na wakatazama filamu hadi mwisho, filamu kweli. Atasemwa mwaka mzima.

Lakini kwa hatari, wanawake wako pabaya zaidi, na hapa masihara yaishe.

Katika mchezo wa kuchumbiana wa jiji hili kuna hesabu isiyoandikwa. Nauli imetumwa, kuku amelipiwa, chumba kimekodishwa Naivasha. Mwenye kulipa anaona ana risiti ya kitu. Anayekataa huulizwa sababu, na sababu inayokubalika ni hedhi, ugonjwa au mtu mwingine. "Sitaki" peke yake haihesabiki kuwa jibu. Sasa fikiria mtu ambaye jibu lake litakuwa hilohilo mwezi ujao na mwaka ujao. Kila mwanamume anayekutana naye anaamini yeye ndiye ufunguo uliokosekana, kwamba hajapata tu wa kumfundisha. Wasichana asekshuali huisikia kauli hiyo tena na tena, na haichukui muda kauli ikawa tishio.

Kabla ya ndoa, angalau sheria iko upande wake. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, iliyofikishwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, inamlinda anayelazimishwa. Lakini sehemu ya 43 ya sheria hiyo, inayoeleza ni lini tendo huhesabiwa kuwa la kulazimisha, ina kijisehemu cha tano kinachosema maelezo hayo hayawahusu watu waliooana kihalali. Kisome tena polepole. Siku mwanamke huyu anapotia sahihi cheti cha ndoa, ulinzi aliokuwa nao jana unalegea.

Miaka tisa baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, na humo ukatili wa kingono ndani ya ndoa umetajwa waziwazi, sambamba na kupimwa ubikira na, amini usiamini, wakwe kuingilia ndoa. Hiyo ni hatua. Mtu anaweza kwenda kortini kuomba amri ya ulinzi dhidi ya mumewe. Ila amri ya ulinzi humzuia mtu asirudie; si sawa na kumshtaki kwa ubakaji. Tukizungumzia asekshuali nchini Kenya, mimi naona suala kuu ndilo hili. Bendera na majina yanaweza kungoja. La kwanza ni kama mke ana haki ya kusema "leo sitaki, na kesho huenda nisitake" kisha akalala salama kwake.

Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo ina sura mbili. Mwanzoni, sehemu ya tatu inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke uliosajiliwa kisheria. Kitanda hakikutajwa. Ukiishia hapo, watu wawili wanaopendana na kulala vyumba viwili ni mume na mke kamili. Songa mbele hadi sehemu ya 73, na utakuta kwamba mmoja wao anaweza kuiomba korti iifute ndoa kwa sababu haijakamilishwa kwa tendo tangu siku ya harusi. Ombi lenyewe lipelekwe ndani ya mwaka mmoja. (Waislamu wana utaratibu wao mbele ya Kadhi.) Kwa hivyo sheria haimfukuzi asekshuali kwenye ndoa, inampa mwenzake mlango wa kutokea, na inauacha wazi kwa miezi kumi na miwili.

Binafsi siuoni mlango huo kuwa uonevu. Kuna upande wa pili ambao makala za namna hii huuruka. Kuna jamaa aliyeoa kwa matumaini, akalipa mahari, akangoja kwa subira ya kweli, kisha mwaka wa tatu akaambiwa kwamba hali ilikuwa hivi tangu mwanzo na mwenzake alijua. Huyo ana haki ya kuumia. Hamu yake si dhambi, kama vile ukosefu wa hamu wa mwenzake usivyo dhambi. Anayejijua anadaiwa ukweli kabla ya wazee kuketi, si baada ya mbuzi kuchinjwa.

Tatizo ni kwamba tumeufanya ukweli huo kuwa ghali mno. Makanisa mengi huwapeleka wachumba kwenye masomo ya ndoa kwa wiki kadhaa. Wanaulizwa kuhusu pesa, wakwe, vipimo vya HIV na watoto. Kuhusu kitanda wanahimizwa tu wasinyimane. Pwani, somo humfundisha bibi harusi jinsi ya kumfurahisha mume, ujuzi unaoheshimika tangu jadi. Ni wapi katika mafunzo hayo yote mtu anaulizwa kama anataka? Swali moja tu, likiulizwa kila mmoja akiwa peke yake, lingeokoa ndoa kadhaa, na lingezuia nyingine zisifungwe.

Dini, kwa njia, si adui kama vijana wa mtandaoni wanavyopenda kudhani. Paulo, mwandishi wa zile nyaraka zinazosomwa kwenye harusi, hakuwa na mke alipoziandika na hakujutia. Mathayo 19 aya ya 12 inataja wanaume waliozaliwa wakiwa matowashi, mbali na waliofanywa hivyo na watu na waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Qurani katika Sura ya An-Nur, aya ya 31, inawataja wahudumu wa kiume wasio na haja na wanawake. Sisemi kwamba aya hizo zinamzungumzia beste wangu. Nasema tu kwamba watu wa kale walijua si kila mtu ana njaa sawa, na hawakuona ajabu kulitaja.

Kilichofanya mjadala kuwa mgumu humu nchini ni siasa. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ilikosea kulinyima usajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Wiki zilizofuata kila kitu kilichonukia mapenzi yasiyo ya kawaida kiliwekwa kwenye gunia moja na kupigwa. Kwa sababu asekshuali huhesabiwa kwenye ile safu ndefu ya herufi za watu wa jinsia mbalimbali, nao wakawa ndani ya gunia. Kichekesho ni kwamba Kanuni ya Adhabu huadhibu vitendo, na sijui kifungu ambacho kingemshtaki mtu kwa kuingia kitandani na kulala usingizi. Lakini hofu haisomi vifungu. Beste wangu alifuta akaunti aliyokuwa akizungumzia na wenzake, si kwa sababu alitishwa, bali kwa sababu binamu yake alimwuliza kwa mzaha kama siku hizi yeye pia ni "wa hao".

Swali ambalo hakutarajia lilitoka kwa mamake. Alimweleza Desemba iliyopita, ushago, wakipeta maharagwe. Alikuwa amejitayarisha kwa machozi, kwa Biblia, kwa yule mama wa Thika. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: ukiugua usiku, nani atakupeleka hospitalini?

Nimelifikiria swali hilo kuliko sheria zote nilizotaja. Naamini wazazi wengi wanaposukuma ndoa hawawazi kitanda hata kidogo; aibu haiwaruhusu. Wanawaza nani atakuwa hapo. Katika nchi hii ndoa ndiyo bima yetu ya kwanza. Bima ya afya ya SHA humlinda mchangiaji pamoja na mume au mke na watoto; beste hayumo, hata mkiwa mmeishi pamoja miaka ishirini. Ukifa bila wosia, Sheria ya Urithi humtazama mwenzi, watoto, kisha ndugu. Aliyekushika mkono wodini si mtu kisheria. Kwa hivyo asiyetaka kitanda anaambiwa, bila yeyote kutamka, kwamba amekataa pia mlinzi wa uzeeni, mrithi na mtu wa kumzika. Wakati huohuo tunao mume aliye Qatar na mke aliye Kitui, wanaoonana mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili, na hakuna anayethubutu kusema hiyo si ndoa. Tunajua vizuri kwamba ndoa inaweza kusimama bila unyumba. Tunalijua likiletwa na umaskini; likiletwa na hiari tunaliita kifungo.

Kuna mambo mtu anaweza kuyafanya bila kungoja Bunge. Yeyote aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia akamtaja anayemtaka. Ardhi inaweza kusajiliwa kwa majina ya watu kadhaa wasio na uhusiano wa damu. Chama si lazima kiwe cha kuzungushiana vyombo vya jikoni.

Chetu kina watu watatu: yeye, mimi, na mwenzetu mmoja aliyeachika ambaye anasema ameshakula uroda wa kumtosha maisha yote. Tulichanga kupitia sacco kwa miaka minne tukanunua ploti upande wa Juja Farm, na hati ina majina yetu yote. Mimi nina mchumba, naye anajua kuhusu ploti hiyo. Aliuliza maswali mengi kuliko hakimu, kisha akakubali. Mwezi wa nne mamake beste wangu alikuja kuiona. Alizunguka mipaka yote minne kwa miguu akihesabu hatua, akauliza maji yatatoka wapi na choo kitakuwa upande gani. Akasimama chini ya mti mmoja uliopo, akanyoosha fimbo kuelekea kona ya mashariki na kusema chumba cha wageni kikae pale, kwa sababu yeye huamka mapema na hapendi jua la jioni.